Maswali ya Wasomaji: Karatasi za Mahakama na Maana Yake

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu jambo moja: msomaji ameletewa karatasi yenye muhuri, au amesikia imetajwa, naye hajui ni karatasi ya namna gani wala inamtaka afanye nini. Tumezijibu kwa kirefu pale palipohitaji urefu. Majibu yanafuata sheria za Tanzania Bara, isipokuwa pale tulipotaja kwingine.

Swali: Kijana aliniletea bahasha karakana kwangu, na ndani yake mlikuwa na karatasi mbili zenye muhuri wa Mahakama ya Wilaya. Moja imeandikwa "Wito wa Mdaiwa" na nyingine "Hati ya Madai". Alinitaka nisaini nikakataa, kwa kuwa nimeambiwa kuwa kusaini ni kukubali deni. Aliziacha mezani akaondoka. Je, nimejiokoa? — Fundi seremala, Morogoro

Jibu: Hapana, ndugu yangu, na tunaomba usiache siku zaidi zipite. Saini unayoombwa na msambaza nyaraka wa mahakama inathibitisha kwamba umepokea karatasi, basi. Haigusi deni hata kidogo. Ukikataa kusaini, yeye hurudisha nakala yake mahakamani pamoja na kiapo kinachoeleza alikukuta wapi, lini, na ulisema nini, na hakimu akiridhika na maelezo hayo huhesabu kwamba umepata wito kama vile ulivyosaini. Hata anayejificha kabisa hafiki mbali, kwa sababu mahakama inaweza kuamuru wito ubandikwe mlangoni pake au utangazwe gazetini, na shauri likaendelea.

Karatasi hizo mbili zina kazi tofauti. Wito ni amri ya mahakama: unakwambia kuna shauri namba fulani dhidi yako na unakutaka ujibu. Hati ya madai si maneno ya mahakama. Ni maneno ya aliyekushtaki, yaliyopangwa kwa aya zenye namba, akieleza yeye ni nani, wewe ni nani, jambo lilitokea lini, kwa nini mahakama hiyo ina mamlaka ya kusikiliza shauri, thamani ya madai ni kiasi gani na anaomba apewe nini. Muhuri uliopo juu yake unaonyesha kwamba imepokelewa masjala, wala hauonyeshi kwamba hakimu ameikubali. Wasomaji wengi hutishika na muhuri huo wakadhani wamekwisha kushindwa, na wengine hutoroka nyumbani kwa shauri ambalo wangelishinda.

Kinachokupasa sasa ni kuwasilisha utetezi wa maandishi. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inakupa siku 21 tangu siku uliyopokea wito, hivyo andika pembeni mwa nakala yako tarehe kijana yule alipofika karakana, maana hiyo ndiyo itakayohesabiwa, si tarehe iliyo kwenye muhuri. Katika utetezi, jibu aya kwa aya. Ikiwa aya ya nne inasema ulichukua malipo ya awali ya milango sita, nawe ulichukua ya milango minne, sema hivyo hasa na uambatanishe risiti. Kuandika tu kwamba unakana madai yote hakutoshi, kwa kuwa dai lisilokanushwa waziwazi huchukuliwa kuwa limekubaliwa. Siku hizo zikikuzidi kwa sababu ya msingi, unaweza kuomba kuongezewa muda kabla hazijaisha au ndani ya siku 7 baada ya kuisha, na mahakama inaweza kukupa siku 10 zaidi. Baada ya hapo mdai ana haki ya kuomba kuthibitisha madai yake upande mmoja, nawe utabaki na kazi ngumu ya kuomba hukumu hiyo itenguliwe.

Swali: Jirani ninayedaiwa naye alikuja na kijikaratasi chenye namba, akasema ni RB na kwamba ninaweza kukamatwa wakati wowote kwa kuwa "hati yangu imeshatoka". Je, hiyo ndiyo hati ya kukamatwa? — Msomaji, Mbagala, Dar es Salaam

Jibu: Siyo. RB ni namba ya kumbukumbu inayotolewa kituoni kuonyesha kwamba mtu ametoa taarifa polisi na imeandikwa kitabuni. Mahakama haijahusika nayo kwa lolote. Hati ya kukamata hutolewa kwa maandishi, hutiwa saini na aliyeitoa, hutaja jina la anayetakiwa na kosa analotuhumiwa, na huelekezwa kwa polisi au mtu mwingine aliyetajwa kuitekeleza. Hakabidhiwi jirani aizungushe mtaani.

Hata hivyo tusikupe faraja ya uongo. Polisi wana mamlaka ya kukamata bila hati katika makosa kadhaa yaliyotajwa na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, hivyo taarifa iliyoandikwa kituoni ikihusu kosa la jinai inaweza kukufikisha huko. Lakini deni la kukopeshana, ambalo hakuna aliyedanganya wala kuiba, ni shauri la madai, na njia yake ni hati ya madai iliyoelezwa hapo juu. Ukiitwa kituoni, nenda, na uwaeleze kwa utulivu kwamba ni deni.

Katika barua hiyohiyo umeuliza kuhusu upekuzi. Hati ya upekuzi kwa kawaida hutekelezwa kati ya macheo na machweo, isipokuwa mahakama ikiruhusu saa nyingine, ingawa yako mazingira ya dharura ambamo polisi hupekua bila hati. Chochote kinachochukuliwa lazima kiandikiwe risiti, isainiwe na mwenye nyumba au aliyemo ndani na mashahidi waliokuwapo. Soma orodha hiyo mstari kwa mstari kabla ya kusaini. Ikiwa imechukuliwa simu moja, isiandikwe "simu" pekee. Aina yake, rangi yake na namba yake ya utambulisho viwepo.

Swali: Nilishinda shauri la madai miaka miwili iliyopita, na nilisikia kwa masikio yangu hakimu akisoma kwamba nilipwe fedha zangu na gharama. Mpaka leo sijaona senti. Nilipokwenda mahakamani na nakala ya hukumu, karani aliniambia nilete tuzo kisha niombe kukazia hukumu. Hukumu si ndiyo tuzo? — Mwalimu mstaafu, Dodoma

Jibu: Shikamoo, Mwalimu. Swali lako ndilo lililotufanya tutenge kurasa hizi, kwa kuwa wako wazee wengi waliobaki na hukumu kabatini wakidhani mahakama itawatafutia fedha zao.

Hukumu ni maelezo na uamuzi wa hakimu. Ndani yake mna muhtasari wa madai, mambo yaliyobishaniwa, uamuzi juu ya kila jambo na sababu za uamuzi huo, na inaweza kuwa na kurasa thelathini. Tuzo, ambayo mawakili wengi huiita dikrii, ni hati fupi inayochotwa kutoka katika hukumu hiyo. Hutaja namba ya shauri, majina ya wahusika, kilichodaiwa na kilichoamriwa: nani amlipe nani, kiasi gani, kwa riba gani, na gharama ni za nani. Hubeba tarehe ileile hukumu iliposomwa hata kama imechapwa wiki kadhaa baadaye. Tuzo haielezi sababu wala haibishani na mtu, na ndiyo inayotekelezwa. Rufaa dhidi ya uamuzi wa namna hiyo nayo huambatanishwa na tuzo, hivyo anayeshindwa anaihitaji sawa na anayeshinda. Katika Mahakama ya Mwanzo utaratibu ni mwepesi zaidi, na huko msomaji asihangaike kutafuta karatasi yenye jina hilo.

Unapoipata, ilinganishe na hukumu. Tumeona tuzo ambayo imeacha riba iliyotajwa kwenye hukumu, na nyingine yenye tarakimu moja pungufu katika kiasi cha fedha. Makosa ya namna hiyo mahakama ina mamlaka ya kuyasahihisha, lakini ni lazima mwenye haki aombe.

Sasa kuhusu kukazia hukumu. Mahakama haianzi utekelezaji yenyewe. Husubiri ombi la mshinda tuzo. Ombi hilo hutaja shauri, tarehe ya tuzo, kama kuna rufaa iliyokatwa, kiasi kilicholipwa kama kipo, kiasi kinachodaiwa sasa, na jambo ambalo watu wengi hulisahau: njia unayotaka itumike. Unaweza kuomba mali ya mdaiwa ikamatwe na kuuzwa, au fedha zake zilizo mikononi mwa mtu mwingine, kama vile benki, zizuiwe na kulipwa kwako, au yeye mwenyewe apelekwe gerezani kama mfungwa wa madai. Njia hiyo ya mwisho huwavutia wenye hasira, lakini mshinda tuzo ndiye anayetakiwa kulipia posho ya chakula cha mfungwa huyo, na mtu asiye na kitu hatapata fedha kwa kukaa ndani. Kwa hiyo, kabla ya kuomba, fanya utafiti wa mali: ana kiwanja wapi, gari lenye namba gani, akaunti benki gani. Ombi lisiloonyesha mali ya kukamata hurudi mikono mitupu.

Kwa kuwa umepita zaidi ya mwaka mmoja tangu tuzo itolewe, usishangae mahakama ikimwita kwanza mdaiwa wako aeleze kwa nini hukumu isitekelezwe dhidi yake. Ni hatua ya kawaida, haimaanishi kwamba shauri linaanza upya. Asipokuwa na sababu, hati ya kukamata mali hutolewa kwa dalali wa mahakama, ambaye ni mtu aliyeidhinishwa kwa kazi hiyo, na baada ya kukamata hufuata tangazo la mnada. Si kila kitu kinakamatika. Nguo za mdaiwa na za familia yake, vyombo vya kupikia, vitanda, na zana za fundi anazopatia riziki vimelindwa na sheria, na dalali anayebeba sufuria na godoro anakosea hata kama ana hati halali mfukoni.

Haki ya kuomba utekelezaji hudumu miaka 12, kwa hiyo hujachelewa. Lakini usimwachie mdaiwa nafasi ya kuhamisha mali. Na kama mliwahi kukaa mkakubaliana kulipana kidogokidogo, pelekeni makubaliano hayo mahakamani. Msomaji mwingine ambaye shauri lake bado halijaamuliwa ameuliza juu ya suluhu: hati ya suluhu ikisajiliwa mahakamani hugeuka kuwa tuzo na hukaziwa vilevile, lakini tuzo iliyotokana na ridhaa ya pande zote haikatiwi rufaa, hivyo asome kila sharti kabla ya kuweka saini.

Swali: Nilipata zuio la mahakama mwaka jana kumzuia jirani asijenge katika shamba tunalogombea. Ameanza tena kujenga, na anasema zuio limekufa. Linakufaje wakati kesi haijaisha? — Msomaji, Arusha

Jibu: Inawezekana anasema kweli, nasi tunasikitika kukuambia hivyo. Zuio la muda linalotolewa chini ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai huwa na muda uliotajwa na mahakama, nao hauwezi kuzidi miezi 6. Mahakama inaweza kuurefusha, lakini jumla yake yote haiwezi kupita mwaka mmoja. Chukua amri yako, tazama tarehe iliyotolewa na muda uliotajwa. Kama muda haujaisha, jirani yako anavunja amri, na mahakama inaweza kuamuru mali yake ishikiliwe na yeye awekwe gerezani kwa muda usiozidi miezi 6. Peleka maombi hayo ukiwa na picha za ujenzi zenye tarehe. Kama muda umeisha, hakuna amri iliyovunjwa, na unachopaswa kufanya ni kumwona wakili leo badala ya kesho, na kuisukuma kesi ya msingi isikilizwe.

Kumbuka pia kwamba zuio halijasema shamba ni lako. Tangu shauri la Atilio dhidi ya Mbowe la mwaka 1969, mahakama zetu hutazama mambo matatu kabla ya kulitoa: kama kuna suala zito la kuamuliwa kati ya wahusika na uwezekano wa mwombaji kushinda, kama bila zuio atapata hasara isiyoweza kufidiwa, na ni nani kati yao atakayeumia zaidi zuio likitolewa au likinyimwa. Aliyepata zuio anaweza kushindwa kesi, na hilo hutokea.

Swali: Shemeji yangu amepewa Fomu Namba 4 na Mahakama ya Mwanzo baada ya mume wangu kufariki. Sasa anasema nyumba ni yake kwa kuwa jina lake ndilo lililo kwenye hati ya mahakama. Nina watoto watatu. — Mama, Tabora

Jibu: Pole sana kwa msiba, mama. Fomu Namba 4 ni barua ya usimamizi wa mirathi. Inamteua msimamizi, yaani mtu aliyekabidhiwa kazi ya kukusanya mali ya marehemu, kulipa madeni yake na kugawa kinachobaki kwa warithi. Haimfanyi kuwa mrithi, na haimpi umiliki wa hata kiti kimoja. Muhtasari wa kikao cha ukoo nao haukumpa mali. Kikao kilimpendekeza tu, na mahakama ndiyo iliyomteua.

Msimamizi anapaswa kuwasilisha mahakamani orodha ya mali na madeni ya marehemu ndani ya miezi 4, kwa Fomu Namba 5, na baadaye hesabu ya namna alivyogawa, kwa Fomu Namba 6. Nenda mahakama iliyomteua ukiwa na namba ya shauri la mirathi, uombe kuliona jalada, na uangalie kama fomu hizo zimo. Kama hazimo na muda umepita, au kama nyumba haikuorodheshwa, andika malalamiko kwa hakimu. Mahakama inaweza kumwita ajieleze, na inaweza kumwondoa na kuteua mwingine, hata wewe mwenyewe. Peleka vyeti vya kuzaliwa vya watoto na cheti cha ndoa. Akijaribu kuuza nyumba kabla ya shauri kukamilika, omba mara moja amri ya kumzuia, na usisaini karatasi yoyote anayokuletea nyumbani akisema ni ya "kurahisisha mambo".

Swali: Baraza la ndoa limetupa hati baada ya kushindwa kutupatanisha. Je, tumeshaachana? — Msomaji, Tanga

Jibu: Bado. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mgogoro upite kwanza katika Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na hati mliyopewa inaieleza mahakama kwamba usuluhishi umeshindikana. Ni tikiti ya kuingilia mahakamani. Kuvunjwa kwa ndoa kisheria, mgawanyo wa mali na matunzo ya watoto vitapatikana katika amri ya mahakama. Hata kwa Waislamu ambao talaka imekwisha kutamkwa baada ya baraza kushindwa, mahakama ndiyo inayotoa tuzo ya talaka inayotambulika katika ofisi za serikali. Yeyote anayetaka kuoa au kuolewa tena kwa kuitegemea hati ya baraza asifanye hivyo.

Swali: Hapa kwetu tunasema samansi, afidaviti, agizo la mahakama na kibali cha kukamatwa. Ninyi mnaandika wito, kiapo, amri na hati ya kukamata. Je, tuna sheria tofauti? — Msomaji, Mombasa

Jibu: Sheria ni tofauti, lakini karatasi ulizotaja ni zilezile. Nchini Kenya, mahakama za chini zinaruhusiwa kutumia Kiingereza au Kiswahili, ilhali lugha ya Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufaa ni Kiingereza, hivyo majina mengi yamepokewa kwa matamshi yake. Tanzania Bara, Mahakama ya Mwanzo imekuwa ikiendeshwa kwa Kiswahili kwa miongo mingi, na maneno kama mdai, mdaiwa na kukazia hukumu yamekomaa humo. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya mahakama zote, huku ukiachwa mlango wa kutumia Kiingereza pale haki inapohitaji. Sisi tunayaona mabadiliko hayo kuwa ya haki kabisa, kwa sababu mtu hawezi kutii amri asiyoweza kuisoma.

Swali: Jina kwenye cheti changu cha shule halilingani na la kitambulisho. Duka moja la stesheni linauza kiapo kilichokwisha kugongwa muhuri wa wakili, ninajaza tu jina. Kinafaa? — Kijana, Mwanza

Jibu: Usikinunue. Hati ya kiapo ina nguvu kwa sababu mwapaji amefika mbele ya Kamishna wa Viapo, akaapa au akathibitisha kwa mujibu wa imani yake, kisha akasaini huku anaonwa. Ndiyo maana sehemu ya mwisho ya kiapo lazima itaje mahali na tarehe kiliposainiwa. Muhuri uliogongwa kabla ya wewe kufika unafanya maelezo hayo kuwa uongo, na kusema uongo ndani ya kiapo ni kosa la jinai.

Amua pia unachohitaji. Kama majina yote mawili ni yako na unataka ijulikane kwamba ni ya mtu mmoja, kiapo kinatosha kwa ofisi nyingi. Kama unataka kuacha jina moja na kubaki na jingine, unahitaji hati ya kubadili jina, ambayo husajiliwa kwa Msajili wa Hati. Waulize kwanza wanaoidai karatasi hiyo, iwe ni chuo au mwajiri, wanataka ipi kati ya hizo mbili, kisha mwendee wakili ukiwa na cheti na kitambulisho chenyewe, si nakala.